Kabla ya Bakora na Kabla ya Kombe

Daftari lilikuwa limechanwa katikati, na vipande vyake vilikuwa vimewekwa juu ya meza ya chumba cha walimu ili kila aingiaye avione. Aliyelichana ni mtoto wa darasa la tatu, na daftari lenyewe halikuwa lake. Muhula ulikuwa haujafika nusu, na tayari jina lake lilikuwa limeshatajwa katika chumba hicho kwa kumsukuma mwenzake mferejini, kwa kujificha chini ya dawati na kukataa kutoka, na kwa kumrushia mwalimu chaki.

Mwalimu mmoja alisema achapwe bakora mbele ya wenzake, kwani mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wa pili, mtu mzima na mpole wa maneno, alisema kwamba mtoto yule si wa bakora. Arejeshwe kwao akaandikiwe kombe, yaani aya ziandikwe, zioshwe kwa maji na ayanywe, kwa sababu macho yake si macho ya mtoto mtundu. Wa tatu aliona liko jambo jepesi kuliko yote mawili, nalo ni kumkabidhi kwa mwalimu wa elimu mjumuisho, ile ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wengine, "maana yeye ndiye aliyesomea."

Mwalimu wa elimu mjumuisho alikuwa amekaa pale pale. Alisomea kuwafundisha watoto wasioona.

Mwalimu wa darasa lile, ambaye ni kijana na ana stashahada, hakusema lolote. Kengele ilipolia alinifuata na fomu mkononi, akaniomba niwe mdhamini wake kwa sababu alikuwa akiomba nafasi ya shahada ya elimu maalumu, na alitaka ajikite kwa watoto wenye msukosuko wa hisia na tabia. Kabla sijaisoma fomu aliniuliza: "Maalim, hivi huko nitafundishwa nini ambacho hapa hakijulikani?"

Saini niliitia, na hilo halina hadithi. Swali ndilo lililonikaa kwa wiki kadhaa.

## Mtoto asiye na fimbo nyeupe

Sitarejea historia ya elimu mjumuisho Zanzibar, kwani wengi wetu tumeiishi. Azimio la Salamanca la 1994 la elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, Sera ya Elimu ya 2006 na semina zake zote tunazijua. Ninachotaka kukitaja ni kwamba mafunzo ya elimu maalumu nchini kwetu, tangu Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, yamezoeleka kwenda kwa mikondo mitatu: uoni, usikivu na akili. Hata Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa cha Lushoto, kilichoanza mwaka 2007 kwa kuipa elimu maalumu kipaumbele, kilizaliwa katika nchi ambayo ikisikia "mahitaji maalumu" hufikiria nukta nundu na lugha ya alama.

Mtoto wa darasa la tatu niliyemtaja anaona, anasikia, na anasoma vizuri kuliko nusu ya wenzake. Ukimpima kwa mikondo hiyo mitatu utamrudisha darasani ukisema hana kitu. Kwa hiyo kilichobaki ni kusema kwamba ana tabia, na mwenye tabia tunajua hutendewa nini.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la mwenzangu halikuwa jepesi kama lilivyosikika. Semina za adhabu mbadala tumehudhuria, na Sheria ya Mtoto ya 2011 tumeisomewa. Tumeambiwa kwa ufasaha tusifanye nini. Tulichokuwa hatujaambiwa ni tufanye nini wakati chaki imeshatoka mkononi mwa mtoto na darasa zima limegeuza shingo kumtazama mwalimu.

## Dalili tano

Tulikaa, mimi na yeye, tukazisoma mada za masomo ya shahada za namna hiyo katika nchi ambako zimedumu kwa muda mrefu, hasa Marekani. Huko mambo yamejengwa juu ya sheria ya 1975 ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu, ambayo kanuni zake zinamtambua mtoto mwenye msukosuko wa hisia kuwa na haki ya elimu maalumu sawa na asiyeona. Mtoto huyo ni yule ambaye, kwa muda mrefu na kwa kiwango kinachoonekana wazi, ana dalili moja au zaidi kati ya tano, na dalili hizo zinamkwamisha masomoni: hawezi kujifunza ilhali akili, hisi na afya yake havitoi sababu, hawezi kujenga wala kudumisha uhusiano mwema na wenzake na walimu, vitendo au hisia zake haziendani na hali iliyopo, amegubikwa na huzuni isiyomwacha, au huumwa mwili na kuingiwa na hofu kwa sababu ya mambo yake binafsi au ya skuli.

Kwa sehemu kubwa ufafanuzi huu unatokana na kazi ya Eli Bower, aliyewachunguza wanafunzi wa skuli za California katika miaka ya 1950. Jambo lililonivutia kwake ni kwamba aliuthamini sana ushahidi wa mwalimu wa darasa, yule anayemwona mtoto kila siku akiwa miongoni mwa wenzake, na hakuuacha uamuzi wote kwa daktari anayemwona kwa saa moja chumbani.

Lakini soma zaidi utaona wamarekani wenyewe hawajatulia. Katika kanuni hizo kimetiwa kifungu kinachosema kwamba mtoto ambaye shida yake ni kutofuata kanuni za jamii tu hahesabiwi, mpaka ithibitike kwamba ana msukosuko wa hisia pia. Bower mwenyewe alikipinga kifungu hicho, kwa sababu kushindwa kuishi vizuri na watu ni mojawapo ya dalili zile zile tano. Utaitumiaje kumwingiza mtoto huyu na kumtoa yule? Isitoshe, kwa miaka mingi watoto weusi wa Marekani wametiwa katika kundi hili kwa wingi usiolingana na idadi yao. Mtu hahitaji shahada kujua kwamba hasira ya mtoto wa mnyonge huonekana ugonjwa mapema kuliko hasira ya mtoto wa mkubwa.

Nilipofika hapo niliikunja karatasi.

## Watu wa posa

Sisi tunaishi kisiwani Pemba. Wete na Chake Chake haziko mbali, na ukoo wowote una mtu anayeujua ukoo mwengine. Siku ya kuja watu wa posa huulizwa mambo mengi kwa sauti ya chini, na mojawapo ni kama katika nyumba ile kuna mwenye akili zisizotulia. Jambo likishasemwa halifutiki kwa cheti cha kupona, na linaweza kumfuata dada yake mtoto ambaye hata hakuwapo skuli siku daftari lilipochanwa.

Kwa hiyo nilijiuliza kama tunataka kweli kuleta shahada ambayo kazi yake ya kwanza ni kumpa mtoto jina. Kule Marekani jina hilo linafungua mlango wa huduma: mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, mwalimu wa ziada, mikutano na wazazi. Hapa kwetu jina litatangulia na huduma zitafuata baadaye, kama zitafuata. Mtoto mwenye dalili nzito, anayesikia sauti zisizokuwapo au asiyelala siku kadhaa, anahitaji daktari, na katika hilo sina shaka hata kidogo. Lakini hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja, ng'ambo ya bahari, na jina lake peke yake linatosha kumfanya bibi amfiche mjukuu wake ndani.

Nilimweleza mwenzangu wasiwasi huu. Hakunibishia. Alinionesha daftari lake jengine, ambalo hakuwa amelitaja kabla.

## Kurasa tatu

Katika zile mada za masomo alikuwa ameona somo la kuchunguza kazi ya tabia, yaani kutafuta tabia inampatia mtoto nini, akalijaribu bila kusubiri chuo. Kila ukurasa aliugawa sehemu tatu: nini kilitokea kabla, mtoto alifanya nini, na baada ya hapo alipata nini. Hakuandika "mkorofi" wala "ana hasira." Aliandika saa, somo, nani alikuwa karibu, maneno gani yalisemwa.

Nilisoma kurasa tatu za mwanzo na sikuona kitu. Alinitaka nizisome tena, safari hii nitazame sehemu ya kwanza tu.

Karibu kila tukio lilianza wakati madaftari yanarudishwa. Kwetu, kama mnavyojua, mwalimu humwita mtoto kwa jina, hutaja alama yake kwa sauti, na darasa huguna au hucheka. Mtoto yule, anayesoma vizuri lakini mwandiko wake hausomeki, alikuwa akipata alama ndogo mbele ya watu kwa kazi aliyoijua. Kisha nikatazama sehemu ya tatu. Kila alipofanya fujo alitolewa nje, na akitolewa nje alama yake haisomwi. Tulikuwa tukimwadhibu kwa kumpa kile alichokuwa akikitafuta.

Nakiri kwamba hapa ndipo msimamo wangu ulipogeuka, kwani niliona kitu ambacho bakora isingekijua na kombe lisingekijua. Bakora ingeshughulika na lililotokea, na kombe lingeshughulika na kilichomo ndani ya mtoto. Daftari la mwenzangu lilikuwa likitazama chumba: mpangilio wetu, desturi yetu ya kusoma alama, sauti zetu. Aliacha kusoma alama kwa sauti, akawa anayaweka madaftari juu ya madawati wakati watoto wako nje. Fujo zilipungua. Hazikwisha, na siku za Jumatatu bado ni nzito, kwa sababu wazazi wake wameachana na Jumapili jioni ndipo anapotoka kwa baba na kurudi kwa bibi. Hilo halina dawa ya madaftari.

Bila shaka msomaji atauliza, kama nilivyouliza mimi: ikiwa daftari la shilingi chache limefanya haya, shahada ya miaka mitatu au minne ya nini?

## Anayefundishwa ni mtu mzima

Jibu nililipata katika sehemu ya masomo hayo ambayo mwanzoni niliipita haraka, yaani sehemu inayomhusu mwalimu mwenyewe.

Katika mafunzo haya ghadhabu ya mtoto huelezwa kuwa ina hatua saba: utulivu, kichocheo, wasiwasi, kupanda, kilele, kushuka na kurejea. Kila hatua ina jambo la kufanya na jambo la kuacha, na mengi ni ya kuacha. Mtoto akiwa katika wasiwasi unaweza kumsogelea, ukampa kazi nyepesi, ukamruhusu akanywe maji. Akishaanza kupanda, swali la "kwa nini umefanya hivi?" ni mafuta ya taa juu ya kaa la moto, na sisi walimu swali hilo hatulikosi. Akiwa kileleni huzungumzi. Unawaondoa wengine na kusubiri. Na mazungumzo ya maana huja baadaye, mtoto akisharejea.

Fritz Redl, mzaliwa wa Austria aliyeendesha nyumba ya watoto wa namna hii Detroit kati ya 1946 na 1948 kabla fedha hazijakatika, aliyafanya mazungumzo hayo kuwa ufundi kamili. Watu wake walizungumza na mtoto mahali pale pale ugomvi ulipotokea, mara tu akili ilipotulia, na hawakusubiri miadi ya ofisini wiki ijayo. Wanaoishi na mtoto ndio waliotakiwa kuujua ufundi huo.

Kuijua orodha ya hatua saba ni kazi ya mchana mmoja. Kuitumia ukiwa umetukanwa mbele ya watoto 70, mkono umeshanyanyuka wenyewe kwa mazoea ya miaka kumi, ni jambo jengine kabisa. Linahitaji mtu aliyekaa nyuma ya darasa akikutazama, akakuambia baadaye kwamba ulipandisha sauti kabla mtoto hajapandisha yake. Linahitaji kurudiwa mpaka mwili uzoee. Ndiyo maana shahada nzuri za fani hii hutumia sehemu kubwa ya muda katika mafunzo kwa vitendo yenye msimamizi, na ndiyo maana nisingempendekezea mtu shahada ya fani hii inayosomwa kwa vitini na mtihani pekee, hata kama ada yake ni nusu.

Anachokinunua mwalimu kwa shahada hii, kwa maoni yangu, ni zile sekunde kumi za kujizuia.

## Mwalimu wa kwenda na kurudi

Kuna mfano mwengine ambao mwenzangu aliupenda kuliko mimi, kisha nami nikaupenda. Nicholas Hobbs, mwanasaikolojia wa Marekani, alirudi kutoka Ulaya ya baada ya vita akiwa ameona walezi wa Ufaransa ambao hawakuwa madaktari wala walimu wa kawaida, bali waliishi na watoto walioumizwa wakawafundisha maisha na masomo kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha mpango wa kuwaandaa watu wa aina hiyo katika Chuo cha Peabody, Nashville, kwa masomo ya shahada ya uzamili, na kuwapeleka katika skuli mbili ndogo, moja Nashville na nyengine Durham, North Carolina. Watoto walikaa huko kwa miezi tu na wikendi walirudi kwao. Kila skuli ilikuwa na mwalimu wa kiungo, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda nyumbani kwa mtoto na katika skuli aliyotoka, ili atakaporejea akute mahali palipobadilika kidogo.

Hobbs hakudai kumponya mtoto. Alitaka mtoto, familia, skuli na mtaa vipatane kiasi cha kutosha ili maisha yaendelee, na alishikilia kwamba kila siku mtoto apate furaha kidogo na awe na jambo la kulitarajia kesho.

Mwalimu wa kiungo! Pemba ingemfaa kuliko Nashville. Mtoto wetu ana skuli kwa zamu moja na chuo cha Kurani kwa zamu nyengine, yaani ana madarasa mawili na walimu wa aina mbili ambao huenda hawajawahi kukaa pamoja kuzungumza juu yake. Anaweza kuwa mtulivu kabisa chuoni, akihifadhi juzuu bila taabu, na skuli akawa wa chini ya dawati. Ustadhi wake anajua kitu ambacho sisi hatukijui. Bibi yake anajua zaidi. Sheha anajua habari za ile talaka. Hakuna shahada ya Marekani itakayomfundisha mwenzangu namna ya kuingia katika baraza ya ustadhi na kumuuliza juu ya mtoto bila kuonekana amekuja kukagua, wala namna ya kukaa na bibi aliyekwisha kumwandikisha mjukuu kombe, akamsikiliza bila kumkejeli, kisha akamwomba pamoja na hilo wafanye na hili. Sehemu hiyo lazima iandikwe na watu wa hapa, na vyuo vyetu visisubiri kuipata katika kitabu cha nje.

Juu ya kombe sina ugomvi. Familia italifanya, tupende tusipende. Ugomvi wangu ni na mwalimu anayelifanya kisingizio cha kuacha kuandika alichokiona.

## Hatari ya "aliyesomea"

Bado ninayo hofu moja, na sidhani kwamba itaondoka. Skuli ikishapata mtu mmoja mwenye shahada hii, wenzake wote watapumua. Kila mtoto anayenuna ataletwa mlangoni kwake, na darasa litakuwa limejifunza kwamba mwalimu wake wa kawaida hamwezi. Wamarekani nao wamegawanyika hapa: majimbo mengi yameacha kutoa leseni ya kila kundi peke yake na yanamwandaa mwalimu mmoja kwa mahitaji mbalimbali, ilhali majimbo kama Minnesota na Michigan bado yana leseni mahususi ya watoto wa kundi hili. Kila upande una hoja. Ukichanganya yote, mwalimu hujua kidogo juu ya kila kitu. Ukitenganisha, mtoto hutengwa pamoja na mwalimu wake.

Kwa kisiwa chetu ningechagua hivi: kuchunguza tabia, hatua za ghadhabu na mazungumzo baada ya ugomvi viwe sehemu ya lazima ya kila stashahada ya ualimu wa maandalizi na msingi, na wale wachache wenye shahada wasipewe darasa la "watoto wa hisia," bali wapewe walimu. Wazunguke skuli kadhaa za wilaya moja, wakae nyuma ya madarasa, wasome madaftari yenye sehemu tatu, waende chuoni na majumbani. Mtoto abaki na mwalimu wake, na jina lake libaki katika daftari la darasa bila ya lakabu.

Tatizo ni kwamba mfumo wa ajira haujui kumtumia mtu wa namna hiyo. Mwenye shahada kwetu ni mwalimu wa sekondari. Akibaki darasa la tatu huonekana amekosa bahati au amemkosea mtu. Na matatizo haya huanza kuonekana maandalizi na msingi, pale ambapo mwenye shahada haendi. Kwa hiyo kabla mwenzangu hajapanda boti nimemshauri aombe barua ya ruhusa ya masomo itaje kituo atakachorejea, itaje kuwa ni skuli za msingi, na itaje vipindi vyake vitapunguzwa kwa kiasi gani ili apate nafasi ya kuzunguka. Ameshaandika. Anayepokea barua hizo amemjibu kwamba mambo ya kupangiwa kituo yatazungumzwa akirudi, na mimi nimemwambia asiondoke kwa jibu hilo, kwa sababu nimewaona waliorudi na vyeti vizuri vya elimu maalumu wakapangiwa kidato cha tatu, wafundishe Jiografia.